Chelewesha maji ya mvua kabla hayajafika mtaroni: mwongozo kwa wenye nyumba wa Mwanza

Mwanza ni jiji la miamba, na mwamba haunywi maji. Mvua kubwa ikipiga Isamilo, Igogo au mteremko wa Bugando, maji mengi hayapati udongo wa kuingia. Yanakuta jiwe, bati, saruji, kisha vichochoro vilivyokanyagwa hadi vikawa vigumu kama sakafu. Kufumba na kufumbua yako korongoni, kutoka korongoni yanaingia Mto Mirongo, na Mirongo unapita Mabatini na katikati ya jiji hadi ziwani. Wakazi wa Mabatini hawahitaji kuelezwa hili. Wameshatoa magodoro nje kuyaanika mara nyingi mno.

Mitaro mikubwa, madaraja na mito ni kazi ya serikali, na tuna haki ya kuidai. Lakini maji yanayojaza mtaro yanatoka kwenye mapaa na nyua zetu, na hapo mwenye nyumba ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Lengo ni kwamba maji ya kiwanja chako yachelewe kutoka, na yakitoka yasibebe uchafu wala udongo. Mtaro unafurika kwa sababu maji ya mapaa yote yanafika humo kwa wakati mmoja. Yakifika kwa zamu, mtaro uleule unaweza kuyabeba.

Hatua ya kwanza: tazama kabla hujachimba

Usinunue kitu wala kumwita fundi kabla hujatazama kiwanja chako mvua ikiwa imekolea. Kama kuna radi, tazama ukiwa barazani au dirishani, maana kanda hii ya ziwa ina radi nyingi na hakuna mtaro wenye thamani ya maisha yako. Zikiwa hazipo, toka na mwavuli.

Angalia maji ya bati yanaangukia wapi. Angalia yanayoingia kutoka kwa jirani wa juu yanapitia pembe gani, na yako yanatokea wapi kwenda kwa jirani wa chini. Tazama na rangi. Maji yakiingia kwako meupe na kutoka mekundu, unapoteza udongo wako mwenyewe, na udongo huo ndio unaokwenda kujaza mtaro wa mtaa. Mvua ikikatika, zunguka tena: msingi uliochimbika chini ya ukingo wa bati, mizizi iliyobaki wazi, mchanga uliorundikana getini. Chora yote kwenye karatasi, hata kama mchoro si mzuri, kwa sababu kila hatua inayofuata itautegemea.

Hatua ya pili: kamata maji ya paa

Paa ndilo sehemu rahisi kuliko zote, maana maji yake unajua yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 12 kwa 10 ina paa la mita za mraba 120. Mvua ya milimita 40, ambayo wakati wa masika si ya ajabu, inaangusha lita 4,800 juu ya bati hilo. Toa yanayorukia pembeni na yanayobaki kwenye bati, bado unazo kama lita 4,000. Hizo ni ndoo 200 za lita 20 kutoka nyumba moja. Sasa hesabu nyumba zilizoko kwenye kilima chako.

Funga gata upande mmoja kwanza kama fedha haitoshi, na uanze na upande unaomwaga maji kwenye mteremko. Gata liinamie bomba la kushushia, angalau sentimita 1 kila mita 2. Likiwa bapa maji yatatuama humo na mbu watazaliana juu ya kichwa chako. Vishikizo viwe karibu karibu, maana gata lililojaa maji na majani ni zito na mvua ya upepo hulining'iniza upande mmoja.

Maji ya kwanza ya mvua yanaosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege, kwa hiyo yasiingie tankini. Fundi bomba aunge tii, yaani kiungo chenye midomo mitatu, kabla ya tanki, na kutoka hapo ashushe bomba la inchi 4 lililosimama wima, lenye kizibo cha kufungua kwa mkono chini. Maji machafu ya mwanzo hujaza bomba hilo, na likishajaa, yanayofuata hupita juu kuingia tankini. Mita 1 ya bomba la inchi 4 inabeba takribani lita 8, kwa hiyo bomba fupi la mapambo halitoshi. Weka refu kadiri ukuta unavyoruhusu, hata mawili. Kila mvua ikiisha, fungua kizibo, maji yamwagike kwenye migomba, kisha ufunge. Hata hivyo maji ya tanki ni ya kufulia, kuoshea na kumwagilia. Ya kunywa yachemshwe.

Tanki la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani 1. Kwenye kilima hilo si jambo dogo. Lijengee kitako cha mawe na zege juu ya ardhi ngumu, si juu ya kifusi ulichomwaga mwaka jana kusawazisha ua, na lisikae ukingoni mwa ukuta wa kuzuia udongo.

Watu wengi hukosea hapa: tanki lililojaa halizuii mafuriko. Likiwa limejaa kwa mvua ya Jumatatu, mvua ya Jumanne yote inapita juu yake kwenda mtaroni kana kwamba tanki halipo. Dawa yake ni koki mbili. Ya chini ni ya matumizi ya kila siku. Ya pili itobolewe katikati ya tanki na iachwe wazi kidogo, maji yatiririke taratibu kupitia mpira hadi bustanini. Kwa njia hiyo nusu ya chini unabaki nayo kwa matumizi, na nusu ya juu inakuwa tupu kuipokea mvua inayofuata. Najua mgao wa maji umetufunza kutomwaga hata tone. Lakini katika miezi ya mvua nyingi hayo ya nusu ya juu yatarudi tena baada ya siku chache, na wakati huo yatakuwa yamempunguzia mtu wa bondeni ndoo 25 kwa kila mvua.

Bomba la maji ya ziada pale juu ya tanki nalo lisielekezwe getini. Lielekeze kwenye bustani ya hatua ya tatu.

Hatua ya tatu: pima udongo, kisha tengeneza bustani ya kunywa maji

Udongo wa Mwanza haufanani hata ndani ya kiwanja kimoja. Kwenye miteremko unakuta luseni, udongo wa kichanga unaotokana na mawe yenyewe, na huo hunywa maji vizuri. Mabondeni unakuta mbuga, udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na huo ukishashiba haunywi tena. Na mara nyingi ukichimba kidogo tu unagonga mwamba. Kwa hiyo usinakili alichofanya rafiki yako wa Buhongwa. Pima kwako.

Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina hichohicho. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha ujaze tena. Mara hii ya pili simamisha kijiti chenye alama na utazame saa. Maji yakishuka sentimita 2 au 3 kwa saa, mahali hapo panafaa. Yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, hapafai, tafuta kona nyingine au tegemea tanki.

Mahali panapofaa, chimba bustani iliyozama: kina cha sentimita 15 hadi 20 tu, kitako kiwe bapa, na udongo uliotoka uwe tuta upande wa chini. Ukubwa wake uwe kama sehemu moja ya kumi ya paa linaloielekea, au zaidi kama nafasi ipo. Ikiwa nusu ya paa letu la mfano inamwaga huko, yaani mita za mraba 60, bustani ya mita 2 kwa 3 au 4 itafanya kazi nzuri. Pale maji yanapoingilia, panga mawe ili yasichimbe. Upande wa chini acha mdomo mdogo wenye mawe, maji yakizidi yapate njia uliyoichagua wewe.

Panda migomba na magimbi sehemu ya chini, pale panapolowa zaidi, na mchaichai kuzunguka tuta. Mchaichai una mizizi mingi inayoshika udongo, hauhitaji kubembelezwa, na chai yake utakunywa. Matembele nayo hufunika ardhi haraka.

Masharti ambayo hayana mjadala: bustani hii iwe angalau mita 5 kutoka msingi wa nyumba, iwe mbali na shimo la choo, na maji yake yaishe ndani ya siku mbili. Mbu huhitaji takribani wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo maji yanayokauka ndani ya siku mbili hayampi nafasi. Na kamwe, kamwe usielekeze maji ya mvua kwenye shimo la choo au chemba ya maji taka. Mvua moja kubwa inatosha kulifurisha na kuleta kinyesi juu.

Hatua ya nne: kama uko mlimani

Hapa niombe msomaji wa Igogo, Nyakabungo na Kitangiri asome polepole, kwa sababu kosa la mlimani linamwangukia mtu mwingine.

Kwanza ni mawe yenyewe. Jiwe kubwa lililokalia udongo, si mwamba mama, linashikiliwa na udongo huo. Usichimbe chini yake, usielekeze maji nyuma yake, wala usitengeneze bustani ya kunywa maji juu yake. Udongo ukishiba hulegea. Kama unaona ufa mpya kwenye ardhi karibu na jiwe, au udongo unaporomoka pembeni yake kila mvua, hilo si jambo la fundi wa mtaani. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, na uombe mhandisi wa halmashauri aje aone.

Pili, kata mwendo wa maji kwa mistari inayofuata usawa wa ardhi. Wakulima wa Afrika Mashariki wanaijua njia ya fanya juu: unachimba mfereji kukingama na mteremko, na udongo unautupa upande wa juu uwe tuta. Kwenye kiwanja kidogo cha mteremko wa wastani, mifereji miwili yenye kina cha sentimita 30 inatosha kubadilisha mambo, ilimradi iwe katika usawa. Mfereji ulioinama kidogo tu unageuka kuwa korongo jipya.

Kupata usawa huo hakuhitaji vifaa vya gharama. Chukua mpira unaoonyesha ndani, wa mita 10 hivi, uleule ambao mafundi ujenzi hupigia leveli. Ujaze maji polepole, ukigonga gonga hadi povu la hewa litoke lote, maana povu likibaki kipimo kinadanganya. Funga ncha moja kwenye kijiti, ncha nyingine kwenye kijiti kingine, na vijiti vyote viwe na alama kwa kimo kimoja. Mmoja anasimama na kijiti cha kwanza, mwingine anatembea na cha pili akipanda au kushuka mteremko hadi maji yaguse alama pande zote mbili. Hapo anapigilia kigingi, kisha wa kwanza anahamia kwenye kigingi hicho, na kazi inaendelea. Mkimaliza, vigingi vyenu vitakuwa vimechora mstari uliopinda pinda. Usiunyooshe kwa kamba ili upendeze. Ufuate vilevile ulivyopinda. Juu ya tuta panda mchaichai au mabingobingo, na kama una mbuzi, majani utakuwa nayo.

Mteremko ukiwa mkali sana, mifereji ya kuhifadhi maji haifai. Hapo inatakiwa ngazi za mawe na njia ya maji iliyojengwa kwa mawe yaliyotokeza, maji yashuke yakigonga kila hatua na kupoteza nguvu.

Tatu, ukuta wa kuzuia udongo lazima upumue. Ukuta unaweza kuanguka hata kama si mwembamba, kwa kukosa matundu tu. Maji yakijikusanya nyuma ya ukuta, uzito wake ukichanganyika na udongo uliolowa unausukuma hadi unapinda. Mwambie fundi aweke vipande vya bomba la inchi 2 vinavyotoboa ukuta, safu ya kwanza karibu na usawa wa chini, kila baada ya mita 1 na nusu hivi, na nyuma ya matundu ajaze kokoto kabla ya kurudisha udongo. Ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji unatoa maji wenyewe, na kwa kimo kifupi mimi naupendelea. Ukuta unaopita kimo cha kifua usijengwe kwa kukisia. Lipa mhandisi auchore.

Hatua ya tano: acha ua upumue

Kusakafia ua mzima kwa saruji kunaonekana ni maendeleo, na vumbi linaisha kweli. Lakini kila mita ya mraba uliyosakafia umeigeuza paa jingine. Sakafia pale gari linaposimama na njia ya kwenda mlangoni, kwingineko weka kokoto au nyasi za ukoka. Ukitaka pevingi, zipangwe juu ya mchanga na kokoto na viungo vyake vijazwe mchanga, si saruji. Kama ua umeshasakafiwa tayari, vunja ukanda wa nusu mita upande wa chini, karibu na uzio, uujaze kokoto na mimea.

Hatua ya sita: geti, uzio na kivuko

Tembea mtaa wowote siku ya mvua, utaona mtaro mpana mzuri unafika kwenye geti la mtu na kulazimishwa kupita kwenye bomba la inchi 6. Mwenye nyumba alitaka gari lipite, akaweka bomba alilolipata, akamwaga zege juu. Chupa mbili za plastiki na tawi moja vinatosha kuliziba, na maji yanahamia barabarani.

Kivuko chako kiwe na upana na kina sawa na mtaro wenyewe. Badala ya kumwaga zege la moja kwa moja, weka mifuniko ya zege yenye nondo, vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuviinua na kuzoa mchanga uliokaa chini. Kabla ya kujenga, uliza mtaro ni wa nani: barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu ziko chini ya TANROADS, na wote wana vipimo vyao.

Uzio wa tofali uliokingama na njia ya asili ya maji nao uachiwe matundu chini, yenye nondo ili mbwa na wezi wasipite. Uzio usio na matundu ni bwawa, na siku ukipasuka maji yanakwenda kwa jirani yakiwa na matofali.

Hatua ya saba: maji yasibebe uchafu

Maji yanayotoka getini kwako yanafika ziwani, na mabomba ya Mwanza yanavuta maji kutoka ziwa hilohilo, pale Capri Point na Butimba. Kwa hiyo taka zisisubiri mvua ndani ya mtaro, na kutapisha choo mvua inaponyesha ni kuwapelekea watoto wa bondeni kipindupindu. Oili chafu ya gari iwekwe kwenye dumu, ipelekwe gereji. Samadi na mbolea visimwagwe shambani siku ambayo wingu limeshatanda, maana naitrojeni na fosforasi zikifika ziwani zinalisha magugu maji ambayo yamewasumbua wavuvi wetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Ukijenga, mchanga na moramu visimwagwe barabarani. Vikilazimika kukaa nje usiku, vifunikwe kwa turubai na vizungushiwe mawe. Lori moja la mchanga likiingia mtaroni linaziba kazi ya mtaa mzima.

Na kama uko kando ya ziwa au mto, Luchelele, Igombe au ukingoni mwa Mirongo, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni ziwe huru bila shughuli za kudumu. Matete yaliyoota hapo usiyakate kupata mandhari. Yanachuja udongo kabla haujaingia majini.

Hatua ya nane: zungumza na wa juu na wa chini

Yote haya yanaharibika kama unachofanya ni kumsukumia jirani maji. Kabla ya kubadilisha njia yoyote ya maji, mwite wa chini yako umwonyeshe unakotaka kuyapeleka. Kwa wa juu yako usiende siku nyumba imeingia maji, hasira zikiwa juu. Nenda siku ya jua, kwa adabu: "Shikamoo mama. Juzi maji yalipita ukutani kwetu yakaingia jikoni. Naomba mvua ijayo tutazame pamoja yanaanzia wapi." Mara nyingi utakuta na yeye anayapokea kutoka juu zaidi, na hapo mmeshakuwa watatu wa kwenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Nyumba tano zinazochangia mfereji mmoja wa mawe hutumia fedha kidogo kuliko kila mtu kujijengea wake, na mtaa unaokwenda TARURA na mchoro mkononi husikilizwa haraka kuliko mtu mmoja mwenye malalamiko.

Kalenda ya mwaka

Septemba, kabla ya vuli kuanza: safisha gata, zibua kivuko, toa mchanga kwenye bustani iliyozama, kagua matundu ya ukuta kwa kuingiza kijiti. Vuli yenyewe, Oktoba hadi Desemba, itumie kupanda, maana mimea ikishika mizizi wakati huo itakuwa imara masika ikifika. Februari rudia usafi wote, na fungua koki ya katikati ya tanki. Kuanzia Machi fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ukisikia tahadhari ya mvua kubwa, punguza maji ya tanki siku moja kabla. Mwishoni mwa Mei, mvua zikianza kuachana, funga koki hiyo ili zile za mwisho zijaze tanki zima kwa ajili ya kiangazi.